Sikio Linalojifundisha

Ukikaa Mama Ngina chini ya mibuyu, na mihogo yako ya kukaanga mkononi, mkondo wa Likoni ni kitu kidogo tu. Feri inavuka, meli inaingia Kilindini, basi. Lakini Septemba 29, 2019 gari lilipoteleza kutoka MV Harambee, mama na bintiye wakiwa ndani, maji haya yalitunyima jibu kwa siku 13. Wapiga mbizi walikuwepo, sona ilikuwepo. Gari lilikuwa mita 58 chini.

Huko mwanga hausaidii, kwa hiyo tunategemea sauti. Nayo hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, ila haifiki peke yake. Inagonga sakafu, inagonga uso wa maji, inagonga ubavu wa meli. Sauti moja inafika ikiwa kadhaa, zimepandana. Vyombo vinavyowasiliana kwa sauti majini vina dawa yake: mtumaji hutanguliza maneno ambayo mpokeaji anayajua tayari. Mpokeaji hulinganisha alichosikia na alichopaswa kusikia, akajua njia imeharibu nini, akarekebisha sikio lake.

Hapo sawa. Ninapokwama ni mbele kidogo. Maneno ya mazoezi yakiisha, chombo mara nyingi huendelea kujirekebisha kwa makisio yake chenyewe. Kinakisia neno, kinalichukua kuwa ndilo, kisha kinajipima nalo. Kikikosea mara moja, si neno. Kikikosea mfululizo, kinajifundisha uziwi, na muda wote kinajiona kiko sawa kabisa.

Si ndivyo tulivyo? Siku zile 13 kilio kilikuwa cha watu wawili. Wengi wetu tulisikia siasa, manake masikio yetu yalishazoea siasa, na kila tulichosikia kikatuthibitishia.

Mafundi hukatiza ujumbe mara kwa mara ili kurudia maneno yanayojulikana. Muda unapotea, lakini wanakubali hasara hiyo. Kwetu ingekuwa kumuuliza msemaji, “Umesema hivi?” na kumwachia yeye jibu. Ila aliyefiwa unamuulizaje? Hana deni la kutufundisha kusikia. Nadhani tulichomdai pale ni ruhusa ya kunyamaza karibu naye, na hata hiyo hatukuiomba.

Gari lilitolewa Oktoba 11. Siku tisa baadaye, sherehe za Mashujaa Dei zikafanyika papa hapa Mama Ngina, kwa gwaride na hotuba.