Mpigie Mama Kabla ya Kutuma
Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, kijana aliye Nairobi humtumia mama yake kijijini pesa ya unga na dawa kwa dakika moja. Ni neema kubwa. Lakini naamini neema hiyo imewapa wana wengi mahali pa kujificha: ujumbe wa muamala unaingia, mama anausoma, na simu haipigwi hadi mwezi mwingine uishe. Mama naye, akikosa sauti ya mwanawe, huanza kuomba zaidi, kwa kuwa ombi la pesa ndilo pekee linalojibiwa haraka. Mwana husikia madai tu, akazidi kukaa mbali.

Utasema kodi ya nyumba na karo zimemkaba kijana, na wapo akina mama wanaowalinganisha wana wao na wa jirani hadi inauma. Ni kweli, na mama huyo naye ana lake la kurekebisha. Ila ataambiwaje na mtu asiyezungumza naye? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kutunzwa na familia na serikali. Matunzo hayaishii kwenye pesa. Ndugu yangu, kabla hujatuma leo, mpigie umuulize amelalaje.