Ufunguo Umekabidhiwa, Jalada Liko Wapi?

Mwaka 1972 Serikali ilifuta halmashauri za wilaya Tanzania Bara, na ilipofika 1974 halmashauri za miji nazo zikawa zimekwisha. Mpango ule uliitwa Madaraka Mikoani. Huku Mbulu, majengo na huduma zilizokuwa chini ya halmashauri, nyumba za watumishi zikiwamo, zikahamia kwa maofisa wa mkoa, na mkoa wetu wakati huo ulikuwa Arusha. Nia ilikuwa njema: maamuzi yaondoke Dar es Salaam, yasogee karibu na mwananchi. Ila chombo kilichofutwa ndicho kilichokuwa kinajua paa gani linavuja na nyumba ipi iliahidiwa nani.

Naanzia hapo ingawa kisa chenyewe kilitokea mbali na kwetu, Manzese, Dar es Salaam. Nakisimulia kwa ajili ya watu wa Tumati, huku kwetu Mbulu, na jirani zetu wa Hanang, kwa sababu yaliyowapata Manzese yanaweza kutupata sisi, na dalili zake zinaonekana.

Mwaka huohuo wa 1972 Serikali ilifanya jambo jingine, hili la busara kubwa. Miaka ya sitini Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilikuwa likibomoa nyumba za udongo mijini na kujenga nyumba mpya mahali pake, Magomeni ikiwa mfano unaojulikana. Ilionekana kwamba kubomoa hakuongezi nyumba, na fedha za kumjengea kila mtu hazikuwapo. Basi ikaamuliwa maeneo yaliyojengwa kiholela yasibomolewe tena, yaboreshwe palepale yalipo: yapelekewe barabara, maji, mitaro na taa. Pembeni yake vipimwe viwanja vipya vyenye huduma, mwananchi ajenge mwenyewe. Benki ya Dunia ikakubali kukopesha fedha mwaka 1974. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na hivyo ndivyo Manzese ilivyopata mitaro na barabara zake. Mwanza na Mbeya nazo ziliingizwa katika awamu ya kwanza.

Sasa angalia nani alisimamia nini. Ujenzi ulikuwa chini ya Wizara ya Ardhi, kwa kuwa jiji halikuwa na halmashauri, ilikuwa imefutwa. Mikopo ya kujengea nyumba ilipitia Benki ya Nyumba Tanzania, iliyokuwa ndiyo kwanza imeanzishwa. Kodi ya ardhi na ada ya huduma, ambazo ndizo zilizotarajiwa kurudisha gharama, zilidaiwa na Ardhi. Mitaro ikachimbwa, mabomba yakalazwa, barabara zikatengenezwa. Watu wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Miji ilikuwa imechafuka, kipindupindu kilikuwa kimezuka, na kila mtu aliona kuwa mji hauwezi kuendeshwa bila mwenyewe. Halmashauri ya jiji iliporudi ikakuta mitaro isiyoichimba, barabara isizozipanga na mabomba ambayo michoro yake ilikuwa kwenye makabati ya wizara. Ikaambiwa: hivi sasa ni vyako, vitunze.

Tuseme alikuwapo mama mwenye nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, vyumba vitatu amepangisha. Mtaro ulio mbele ya mlango wake umeziba. Maji machafu yanaingia uani, wapangaji wananung'unika. Anakwenda Ardhi, waliouchimba. Ardhi wanamjibu kwa heshima kwamba mradi ulikwisha na miundombinu imekabidhiwa jiji. Anakwenda jiji. Jiji wanamuuliza kama amelipa ada ya huduma. Anatoa stakabadhi. Wanaitazama na kumwambia: hii ulilipa Ardhi, kwetu haijaingia, na fungu la mitaro halipo. Anakumbuka kuwa ana mkopo benki, na mkopo ule ulikuwa sehemu ya mradi uleule. Benki inachokijua ni marejesho tu. Mama huyu ameingia ofisi tatu na zote zimemwambia ukweli. Hapa ndipo penye uchungu wa kisa hiki: hakuna aliyemdanganya.

Kodi ilikuwa mfuko huu, deni mfuko ule, na koleo la kuzibulia mtaro lilitakiwa litoke mfuko wa tatu ambao haukuwa na kitu. Mwananchi alipoona mtaro umeziba, akaacha kulipa ada. Ada ilipokosekana, mtaro mwingine ukaziba. Makusanyo yakawa hafifu kupita kiasi. Halafu ikaja vita ya Kagera, saruji na mabati yakaadimika, na wafadhili walipoondoka mwanzoni mwa miaka ya themanini kazi ya kuboresha makazi ikasukumwa yote kwa halmashauri, bila fedha ya kuifanyia. Mitaro iliyogharimiwa kwa mkopo wa taifa zima ikajaa mchanga na takataka. Benki ya Nyumba yenyewe ilifungwa 1995.

Wapo wanaosema mradi ule ulikufa kwa umaskini. Umaskini ulikuwapo, sikatai. Lakini hata nchi maskini inaweza kuandika kwenye karatasi moja nani anakusanya, nani anadaiwa na nani anazibua. Karatasi hiyo haikuandikwa siku ya makabidhiano, na baadaye hakuna ofisi iliyokuwa na sababu ya kuiandika, maana atakayeiandika ndiye atakayebebeshwa mzigo.

Nchi yetu imelirudia jambo hili kwa sura nyingi. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 sheria mpya ikamwingiza Msajili ndani ya Shirika la Nyumba, na Shirika likarithi majumba yaliyochakaa pamoja na kodi ndogo isiyotosha hata kuyapaka rangi. Mwaka 2002 nyumba za watumishi wa Serikali zikawekwa chini ya Wakala wa Majengo, na nyingi zikauzwa kwa waliokuwa wakiishi humo. Muda si mrefu maofisa wapya wakahamishwa vituo na hawakuwa na pa kulala. Kila hatua ilikuwa na hoja yake. Sizipingi hoja. Ninachouliza ni kama aliyepokea alionyeshwa ubovu pamoja na ufunguo.

Turudi nyumbani. Ukipita vijiji vya Mbulu na Hanang utaona maboma. Kuta zimefika usawa wa linta, hazina paa, ndani yameota majani. Mengi ni nyumba za walimu au za waganga. Utaratibu wake kila mwanakijiji anaujua: sisi tunachanga mawe, mchanga na nguvu kazi, tunainua boma, Serikali inapaua na kumalizia. Umepita mpango wa elimu ya msingi, MMEM, kuanzia 2002, umepita mfuko wa maendeleo ya jamii, TASAF, zimepita ruzuku za maendeleo za halmashauri, na kila mpango ulikuja na fomu zake na akaunti yake. Mpango unapobadilika, boma linabaki baina ya ofisi mbili. Ile ya zamani imefunga hesabu. Ile mpya haiwezi kumalizia kitu kisichomo kwenye orodha yake. Mvua ya miaka miwili ikilinyeshea tofali la udongo lisilo na paa, hakuna tena cha kumalizia. Mzee aliyesomba mawe akiombwa achange tena anakataa, na anayemwita mkaidi hajawahi kusimama ndani ya lile boma akatazama juu.

Lipo jambo lililoongezeka hivi karibuni ambalo wengi hatujalipima uzito wake. Zamani halmashauri ya wilaya ndiyo iliyoshika barabara za vijijini na maji ya vijijini. Mwaka 2017 barabara zilikwenda kwa wakala wa barabara, TARURA. Mwaka 2019 maji yalikwenda kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA. Umeme ni wa TANESCO, na mradi wa kuufikisha kijijini ni wa REA. Juu ya hayo, Mbulu yenyewe imegawanywa, Mji una halmashauri yake na sisi wa vijijini makao yetu ni Dongobesh. Kwa hiyo nyumba moja ya mwalimu ina wenyewe watano: kuta za halmashauri, bomba la RUWASA, njia ya TARURA, waya wa TANESCO, na mwalimu mwenyewe, ambaye kesho anahamishwa. Mgawanyo huu una faida. Mhandisi wa maji anayeshughulikia maji peke yake huyajua vizuri zaidi. Ila shimo la choo likibomoka kwa sababu kalavati la barabara limeelekeza maji huko, ni nani kati ya watano hao anayeandikiwa barua?

Nimefikia sehemu inayonifanya niandike. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mlima Hanang uliteremsha matope, mawe na magogo juu ya Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu 89 walifariki dunia. Waliopoteza makazi walijengewa nyumba 109 huko Waret, na hadi kufikia mwisho wa 2024 walikuwa wamekabidhiwa. Walijenga SUMA JKT, wakajenga Msalaba Mwekundu, na Watanzania wengi walichangia fedha na vifaa. Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo yenye dhamana ya maafa nchini. Mkoa wetu wa sasa, Manyara, uliratibu. Halmashauri ya Wilaya ya Hanang ndiyo iliyo karibu na wananchi. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, na mimi naisifu kwa moyo wote, maana watu waliozika ndugu zao wamepata pa kulala.

Kwa sababu ni kazi njema, ilindwe. Nyumba za maafa hujengwa na vyombo vya dharura, na dharura ina mwisho. Kikosi cha ujenzi hurudi kambini, shirika la misaada hufunga mradi, kamati ya maafa huhamia kwenye janga jingine. Anayebaki ni mwanakijiji na mtendaji wake. Miaka kumi baadaye bati litakuwa limeliwa na kutu, mwenye nyumba atakuwa amefariki, na watoto wanne watakuwa wanauliza jina gani limeandikwa kwenye hati. Kama siku hiyo majibu yatakuwa Dodoma, Babati na Katesh, kila ofisi ikiwa na kipande chake, basi watoto wale watazungushwa kama yule mama wa Manzese, na kila ofisi itakuwa inasema kweli.

Namna ya kuzuia ipo, na haihitaji mfadhili. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji kilichoandikishwa uwezo wa kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mwanakijiji mtu mzima ni mjumbe wake, ndio wenye kauli ya juu, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila kuandikwa kwa jina la mtu, la mume na mke kwa pamoja, au la kikundi. Vyombo hivi tunavyo. Tumevizoea kama mahali pa kusomewa michango, ilhali ndipo mahali pa kudai jalada la kila nyumba.

Jalada lenyewe si kubwa. Liwe na mchoro wa nyumba na wa mabomba yaliyo chini yake. Liwe na jina la aliyejenga, na tarehe ambayo dhamana yake ya ubora inakwisha, maana nyufa za mwaka wa kwanza ni zake, si za mwenye nyumba. Liwe na orodha ya kasoro zilizoonekana siku ya makabidhiano, imesainiwa na anayetoa na anayepokea. Liwe na nakala ya hati. Na liwe na ukurasa mmoja unaosema choo kikititia anaitwa nani, bomba likipasuka anaitwa nani, na gharama inatoka fungu gani. Ofisi ikibadilika, jalada lisomwe upya mbele ya mkutano, na anayepokea aseme kwa sauti yake kwamba amepokea na hayo madeni.

Kwa nyumba za watumishi ni hivyohivyo. Taasisi ya Benjamin Mkapa ilijenga nyumba za wahudumu wa afya katika wilaya za pembezoni na kuzikabidhi kwa halmashauri. Nyumba ya namna hiyo haina mpangaji wa kudumu. Kila baada ya miaka michache anaingia mgeni. Mgeni hajui kuwa tanki lilitengenezwa mara mbili au kuwa fundi alisema nguzo ya baraza haifai. Daftari linaloning'inia nyuma ya mlango, linaloandikwa na kila anayeingia na kila anayetoka, lingemwambia.

Mvua za masika kwetu huanza Machi. Kabla hazijaanza, mkutano wa kijiji unaweza kuitwa na kuwekewa ajenda moja: kila nyumba ya umma iliyomo kijijini, ikiwamo iliyobaki boma, isomwe jina, isemwe iko mikononi mwa ofisi ipi, na aseme mtu mmoja alipo mchoro wake. Ile isiyo na jibu iandikiwe barua siku hiyohiyo kwa Mkurugenzi Dongobesh au Katesh, nakala kwa diwani. Orodha yote ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, palepale panapobandikwa taarifa ya mapato na matumizi.