Yeye au Wazazi Wake?

Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na mara wanataka kumjua mkosaji: ni yeye au wazazi wake? Yesu anakataa yote mawili. Jibu hilo tunalijua, lakini bado tunauliza.

Tunauliza hasa mtoto anapougua kongosho. Tumbo linamkata chini ya chembe cha moyo, maumivu yanapenya hadi mgongoni, anatapika, anapata nafuu, kisha yanarudi. Kwa kuwa watu wazima wengi huupata ugonjwa huu kwa pombe, macho yanamgeukia mama: alikunywa nini akiwa mjamzito? Wengine wananong'ona habari za laana.

Lakini tazameni kinachotokea mwilini. Kongosho hutengeneza tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini, ambayo haipaswi kuanza kazi mpaka ifike utumbo mwembamba. Ikiwahi, mwili una njia ya kuizima. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waligundua kwamba katika baadhi ya koo, kosa dogo kwenye jeni ya PRSS1 huharibu njia hiyo, na kongosho hujisaga yenyewe. Mzazi mwenye kosa hilo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuugua. Jeni za SPINK1 na CFTR nazo huchangia. Kwa watoto wengine ni umbile: mirija miwili ya kongosho iliyopaswa kuungana mimba ikiwa changa haikuungana. Wengi huishi hivyo salama. Kwa wachache, majimaji hushindwa kupita vizuri.

Hakuna baba aliyechagua jeni ya kurithisha, wala mama aliyezuia mirija hiyo isiungane.

Lawama zetu zina madhara makubwa. Familia iliyoaibishwa huficha kwamba shangazi aliugua tumbo hivyo hivyo, au kwamba babu alipata kisukari baada ya miaka ya maumivu. Habari hizo ndizo daktari anazozihitaji. Akiuliza kuhusu ukoo, mwambieni yote; yeye hatafuti mkosaji, anatafuta tiba.

Tuombe, lakini mtoto anayeugua hivi msimfungishe. Tayari anapungua uzito, na pengine ameandikiwa vimeng'enya vya kumeza pamoja na kila mlo. Mwenye uwezo amchangie mama yake nauli ya kliniki, na wiki hii hii.