Wakala Huja na Shikamoo

Wajukuu zangu, jana usiku tulitazama pamoja ile tamthilia ya wasichana waliopelekwa ughaibuni wakauzwa. Nikawasikia mkisema, "Mimi siwezi kudanganywa hivyo." Kauli hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kwenye runinga mwovu hujulikana tangu anapoingia. Hata muziki hubadilika. Mtaani hakuna muziki. Wakala hupiga hodi, humwamkia mama shikamoo, hukaa akanywa chai. Pengine ni mtoto wa jirani, au binti mliyesoma naye, naye kaahidiwa chochote akileta wengine. Atakushughulikia pasipoti, atakulipia tiketi, nawe utamwombea dua. Kumbe deni limeshaanza kuhesabiwa.

Ndivyo vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia walivyoahidiwa kazi za ofisini Bangkok. Walipofika Thailand walivushwa mto Moei hadi Myawaddy, Myanmar, wakafungiwa kwenye majengo yanayolindwa kwa bunduki, wakalazimishwa kutapeli watu mtandaoni kwa mapenzi ya uongo. Asiyefikisha kiwango alipigwa. Mwanzoni mwa 2025 Thailand ilikata umeme uliokwenda huko, na maelfu ya watu wakatolewa. Wengi wao walikuwa wasomi, hodari wa kompyuta kama nyinyi.

Sisemi msisafiri. Watu wa pwani hii wamesafiri tangu enzi za majahazi. Lakini msafiri alimjua nahodha, na kwao nahodha kulijulikana. Nanyi ulizeni: mwajiri ni nani? Mkataba uko wapi? Wakala amesajiliwa na serikali? Ukipewa viza ya utalii ukaambiwa unakwenda kazini, usipande ndege hiyo. Nakala ya pasipoti na ya mkataba mwachie mama.

Na yakikufika, usinyamaze. Wengi hufa kimya kwa sababu shamba liliuzwa ili wasafiri, na nyumbani wanangojewa na fedha. Sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu haimwambii aliyehadaiwa, "Si ulikubali mwenyewe?" Mimi pia sitakwambia hivyo. Piga simu, hata usiku wa manane. Shamba tutatafuta jingine. Wewe nitakutafuta wapi?