Mfereji Usiochorwa

Ibn Majah amepokea hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpitia sahaba wake Saad akitawadha, akamkanya kwa israfu. Saad akashangaa: kwani hata kwenye udhu kuna israfu? Akajibiwa kuwa ipo, hata kama yuko kwenye mto unaopita. Wako wanazuoni waliodhoofisha sanadi yake. Mimi hadithi hii imenishughulisha miaka yote niliyosimamia korona, mashine inayokwangua majani ya mkonge zibaki singa, yaani nyuzi zake, katika shamba huku Korogwe, maana mtoni hakuna kinachopungua. Maji uliyomwaga yanarudi kwenye maji. Israfu iko wapi basi?

Kiwandani tumefundishwa kuitafuta israfu kwa ramani ya safari nzima ya kazi. Utaratibu huu asili yake ni kampuni ya magari ya Toyota, kwa mhandisi wake Taiichi Ohno, aliyetaja aina saba za upotevu. Uliomkera kuliko yote ni kuzalisha kupita mahitaji. Kuichora ramani, unaanzia mwisho, kwenye marobota yanayongoja lori, unarudi nyuma kwa miguu: chumba cha brashi, nyaya za kuanikia, korona, trekta, mpaka kwa mkataji anayefunga majani thelathini thelathini. Kila kituo unaandika muda wa kazi na muda wa kungoja. Naiheshimu kazi hii. Ndiyo iliyotufumbua macho kuona majani yakinyauka shambani kwa sababu trekta limepangiwa safari nyingine. Mkataji yule ameamka usiku. Kuliacha jani lake linyauke ni dhuluma, wala si hasara ya kampuni peke yake.

Ila ramani inataka mchoraji anayeijua kazi. Singa zilizoanikwa utaambiwa zinangoja, kumbe jua lipo kazini. Na kinamama wa brashi wakipumzika kidogo baada ya swala ya adhuhuri, sikubali mtu aandike hapo kuwa muda umepotea.

Linalonisumbua zaidi ni mpaka wa karatasi. Katika uzito wa jani la mkonge, singa ni kama asilimia 4 tu. Kilichobaki ni rojo la kijani, nalo linaondoka na maji mferejini. Nimeona ramani safi, kazi ya watu makini, ambazo mfereji huo haumo kabisa. Mteja hanunui rojo, na kulitupa hakukuwa na gharama, basi halikuonekana. Tani zinaingia korona, zinatoka kilo, na hakuna anayeuliza nyingine zimekwenda wapi. Zimekwenda kwa watu wanaoteka maji chini yetu. Richard Hindorf aliuingiza mkonge nchini mwaka 1893; basi hesabu hiyo ya rojo lisiloulizwa ni ya zamani sana.

Hapo ndipo ninapoielewa hadithi ya Saad. Ramani hupima kilichompungukia mwenye kiwanda. Mtume alimtazama Saad mwenyewe: amechukua kiasi gani cha neema kuliko haja yake, pale ambapo hakuna wa kumdai? Mto umetajwa makusudi, kwa kuwa ndipo mtu anapokosa sababu nyingine yoyote ya kujizuia isipokuwa Mola wake.

Hale, si mbali na hapa, kampuni ya mkonge ya Katani ilijenga mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi na umeme, kwa hiyo visingizio vimekwisha. Kijana anayekuja kwangu kujifunza kuchora ramani namtuma kwanza nyuma ya korona, na simpokelei karatasi yake mpaka mfereji uwemo, na tani zake kwa siku, na jina la mto unakoishia.