Kidole cha Baba

Kahawa ilipokwisha kuvunwa, niliichukua familia yangu kutoka Hasamba tukaenda kutembea Rungwe, kulitazama Daraja la Mungu. Tuliondoka Vwawa alfajiri, tukapita Mlowo na Mbalizi, na tulipofika Uyole tukaiacha barabara kuu tukashika ile ya Tukuyu. Mama watoto alikuwa amefunga chapati na mayai ya kuchemsha. Kwa muda mrefu nilikuwa nimewaahidi watoto safari hiyo, na moyoni nilijiona mzazi aliyetimiza wajibu.

Daraja lile halikujengwa na mtu. Ni mwamba uliotokana na volkeno za kale za Rungwe, na mto Kiwira umepenya chini yake ukauacha umelala juu, kutoka ukingo hadi ukingo. Mwanangu wa miaka saba aliutazama kwa muda, kisha akanivuta shati. "Baba, nani alilijenga?"

Nilikuwa nazungumza kwenye simu. Nilikuwa na mzigo wa mahindi kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma, na dereva alitaka maelekezo. Nikamwinulia mtoto kidole kimoja: subiri. Akasubiri. Akavuta tena shati na kuuliza maji yale yanakwenda wapi. Kidole kilikuwa bado juu. Basi akamwendea kijana aliyekuwa akiwaongoza wageni, na habari ya volkeno akaipata kwake. Mimi nilipomaliza kuzungumza tulipiga picha, tukala, tukarudi.

Siku ya pili yake, jioni, mdogo wake alimletea kigari cha mabua kilichong'oka gurudumu. Kaka mtu alikuwa ameinamia simu ya mama yake. Hakuinua uso. Aliinua kidole kimoja, kama nilivyofanya mimi, na mdogo akabaki amesimama na gurudumu lake mkononi.

Nilimwona, na sikuwa na neno la kumkemea.

Sisi wazazi wa ukanda huu wa mpakani tunazijua sababu zetu. Biashara ya Tunduma haina saa. Baba anaondoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Mama naye yuko sokoni au shambani. Nyumba inabaki na dada wa kazi, ambaye mara nyingi naye bado ni mtoto anayehitaji kulelewa. Ada inalipwa, chakula kipo, sare ni mpya. Kwa kuwa hivyo vyote vinaonekana, tunadhani malezi yamekamilika. Tunausema kila siku ule msemo wa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini tunauchukulia kana kwamba kulea ni kugharimia.

Hata sheria ya nchi haikuishia kwenye chakula na mavazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapoeleza wajibu wa mzazi katika matunzo, inataja pia elimu na maelekezo, na haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Maelekezo hayaachwi mezani pamoja na hela ya matumizi. Yanamtaka mzazi awepo, na awe anasikiliza.

Nidhamu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mzazi asiyekuwepo huirudi nyumba yake kwa taarifa. Anafika usiku, anaambiwa fulani amevunja sahani, fulani hakwenda shule, anashika fimbo. Mtoto anachapwa kwa kosa la asubuhi na mtu ambaye hakuliona wala hakuuliza lilianzaje. Baadhi ya wazazi wetu walikuwa wakali, tena wachache wa maneno, na sitaki kuwapamba. Lakini tulichuma kahawa pamoja nao. Tuliwaona wakichoka, wakilipa deni, wakimwomba jirani radhi. Walipotukanya, tulikuwa tumeshawaona wenyewe wakiliishi onyo lao.

Wapo watakaosema lori halisubiri, na mtoto hali maelekezo. Ni kweli, na mimi bado nauza mahindi. Lakini foleni ya Tunduma haikusogea hata lori moja kwa sababu mimi nilikuwa hewani wakati mwanangu ananivuta shati. Ningeweza kumwambia dereva, "Nipe dakika kumi, niko na watoto." Angenielewa, naye ni mzazi.

Sasa simu yangu inakaa juu ya kabati kuanzia chakula cha jioni mpaka watoto walale. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, na siku moja nilishindwa. Lile gurudumu tulilirudisha sisi watatu, tukiwa tumekaa chini uani. Hapo ndipo nilipomjibu mwanangu swali lake la pili, siku tatu baada ya kuliuliza: maji ya Kiwira yanakwenda Ziwa Nyasa.