Tuwarudishe vijana wetu kwenye halaqa



Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya kufundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu nilikuwa na kijana wa Kidato cha Pili ambaye hakufungua mdomo muhula mzima. Nilimhesabu kuwa mvivu, na siku moja nikamwambia hivyo mbele ya wenzake. Darasa likacheka. Nami, Allah (s.w.) anisamehe, nikacheka nao. Niliposahihisha mtihani, yeye ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wote makundi manane ya wanaostahiki zaka. Nilipomwita pembeni akaniambia kuwa wiki yake ya kwanza alisoma aya kwa sauti, wakamcheka matamshi, akaapa kutosoma tena.

Imo katika Sahihi Bukhari Hadith ambayo sisi walimu tunaipita haraka. Mtume (s.a.w.) aliwauliza Maswahaba: ni mti gani usiopukutisha majani, ambao mfano wake ni Muislamu? Wakataja miti ya jangwani. Abdullah bin Umar (r.a.), aliyekuwa mdogo wao, alijua moyoni kuwa ni mtende, lakini akaona haya. Baadaye baba yake alimwambia kuwa angefurahi mno lau angelisema.

Tuzingatie, Mtume (s.a.w.) angeweza kuwaambia jibu tangu mwanzo. Aliuliza, akawaachia wafikiri. Sisi tunajaza ubao, watoto wananakili, kengele inalia. Kisha tukiitwa semina ya "mbinu shirikishi" tunashangaa kana kwamba kukaa duara ni jambo geni, wakati halaqa ilikuwa ndio darasa la Msikiti wa Madina!

Muhula uliofuata nikaanza. Kila Alhamisi tunasogeza madawati, wanafunzi sitini wanakaa wanane wanane. Tunaanza na aya ya 11 ya Suratul Hujurat, inayokataza watu kudharauliana. Hakuna anayesema mara ya pili kabla wote hawajasema. Atakayemcheka mwenzake, sharti aeleze upya hoja ya huyo mwenzake mpaka mwenyewe akiri kuwa ndivyo alivyokusudia. Adhabu hii wanaiogopa kuliko bakora.

Kelele zipo, na mwalimu wa darasa la jirani alinilalamikia. Wapo pia wazee waliohofia kuwa tunawazoesha watoto ubishi katika dini. Hofu yao ina msingi, ndiyo maana mwalimu haondoki. Hukumu zilizothibiti hazipigiwi kura, na mwisho yeye husawazisha kwa dalili. Lakini kijana asiyeulizia shaka yake kwetu ataiulizia kijiweni.

Alhamisi ya tatu niliwapa swali la mirathi: mtu amefariki, ameacha duka na deni, waanze na lipi? Kundi moja likakimbilia kugawa mafungu. Yule kijana akainua mkono. Akasema taratibu kuwa deni kwanza, kisha wasia, ndipo warithi. Akaongeza kuwa baba zake wadogo waligawana duka la marehemu baba yake kabla deni halijalipwa, na mdai mpaka leo humfuata mama yake.

Hakuna aliyecheka. Kengele ililia, wenzake wawili wakabaki wamekaa naye, wakimuuliza ni kiasi gani.